Gawa kwa Mbili

Faida wangu,

Nimebaki peke yangu kalasini. Wanafunzi wamekwenda, mvua imeshika mlima wote, na mama yako ametuma neno kwamba nisirudi nyumbani mapema, kwa sababu nikikaa karibu na sanduku lako natoa kila anachoweka. Basi nimekaa kwenye benchi la mbele, lile fupi, magoti yangu yako karibu na kidevu, na nakuandikia. Kesho asubuhi unakwenda Walikale kufundisha. Najijua: ukipanda pikipiki sitasema la maana hata moja, nitauliza tu kama umefunga kamba vizuri.

Mambo ya blanketi, ya dawa na ya maji ya kuchemsha atakuambia mama yako, tena mara tatu. Mimi nina jambo moja, na limekaa kati yetu miaka minne. Tulilipita, hata tukalicheka, lakini sijakueleza lote. Na wiki hii nimesikia watu wakikuambia, kanisani na hata kwenye njia ya kisima: achia baba yako hiyo telefone, watoto wa msituni wanahitaji chaki tu. Nataka uondoke ukijua kwa nini mimi nasema ibebe.

Tulipokimbilia kambi ya Kashuga ulikuwa na miaka sita. Wewe labda unakumbuka matope na mahema. Mimi nakumbuka vitabu. Shule ilikuwa imechomwa, na kabati la vitabu lilikuwa ndani. Kambini watoto walikuwa wengi, walimu tulikuwa watatu, na kitabu hakikuwapo hata kimoja. Nikapata kaye nene, lile daftari la jalada la bluu unalolijua, nikaanza kuandika kila nilichokumbuka: mito ya Kongo, sarufi ya Kifaransa, mifupa ya mwili, hesabu zote za mwaka wa sita. Niliandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mchana kutwa, na wapita njia walisimama kuniangalia.

Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, unaandika ya nini? Kesho tutakimbia tena."

Nikamjibu, "Njo maana naandika."

Tuliporudi hapa Kingi nilirudi na ile kaye kifuani, ndani ya shati. Wengine walirudi na mbuzi. Mwaka baada ya mwaka nilifundisha kutoka kwenye kurasa zake, na kila nilipoifungua nilijisikia kama mtu aliyewashinda waliochoma. Nilikuwa na haki ya kujisikia hivyo, sitaikana haki hiyo hata leo. Nilichosahau ni kwamba kichwa kilichoiandika kilikuwa na njaa, na kichwa chenye njaa kinaruka mistari.

Halafu ukafika ule mwaka ambao shule yenu ya sekondari ilifungwa kwa sababu ya mapigano, ukakaa nyumbani, na shangazi yako wa Goma akakuletea telefone yenye kioo kilichopasuka pembeni. Ulikuwa unapanda kilima kilicho juu ya shule, pale rezo ya mtandao inaposhika, unashusha vitu vya bure: kamusi, masomo yanayosomeka bila rezo, na ile programu ya kuchora maumbo. Nilikuona kule juu umesimama, mkono mmoja hewani, nikafikiri unatafuta bwana.

Nilikuita kalasini unisaidie kusahihisha kazi za watoto. Ilikuwa siku ya eneo la trapezi. Niliandika kwenye tabulo kama nilivyoandika kila mwaka: upande mkubwa ongeza upande mdogo, mara kimo. Nikaweka nukta. Watoto wakaanza kunakili.

Ukasema kutoka nyuma, tena kwa sauti ya chini, "Papa, kuko kitu imekosa pale."

"Andika tu, Faida."

"Iko natoka mara mbili. Lazima kugawa kwa mbili. Angaliya."

Ukaja mbele, ukanionyesha kioo. Ulikuwa umechora trapezi, ukachora pacha wake, ukamgeuza kichwa chini, ukawasukuma wawili pamoja kwa kidole mpaka pande zao zikashikana. Watoto wa benchi la mbele wakanyanyuka kuona. Mmoja akasema, "Eeh! Iko kweli!" Mimi nilisikia ile "kweli" kabla ya kuona mchoro. Nikakupiga kofi.

Hilo kofi sikulipiga kwa sababu ulikosa heshima, ingawa ndivyo nilivyomwambia kila mtu. Nilipiga kwa sababu katika dakika ile ile nilijua umesema kweli. Sijawahi kukuambia. Nilijua. Mkono ulikwenda haraka ili akili isifike. Kisha nikakunyang'anya telefone, nikaifungia ndani ya sanduku la chuma, nikageukia tabulo, nikamaliza somo na kosa langu lote.

Siku tisa hukusema na mimi. Uliniwekea chakula, ukasema "karibu" kama unavyomwambia mgeni, ukaenda.

Mama yako hakuingia kati. Unajua yeye hakumaliza hata mwaka wa tatu. Siku ya tisa akaniambia, "Papa Faida, ile kitu mulipiganiya, haiwezi kupimwa kwa shamba?"

Tukashuka kwenye shamba letu la maharagwe. Sijui kama umewahi kuliangalia umbo lake. Babu yako alikuwa na kipande kimoja cha mstatili, akakigawa sawasawa kati yangu na baba yako mkubwa kwa mtaro uliokwenda upande, kwa sababu maji hayakutaka kushuka wima. Shamba langu likawa jembamba juu na pana chini. La kaka yangu likawa pana juu na jembamba chini. Nilipima kwa hatua. Juu ishirini, chini thelathini, kushuka arobaini. Nikafanya hesabu ya kaye yangu kwenye udongo kwa kijiti: ishirini ongeza thelathini, hamsini; mara arobaini, elfu mbili.

Mama yako akasema, "Sasa pima yote mbili, yetu na ya Baba Mukubwa."

Nikapima kipande kizima cha babu, kama mtaro haupo. Hamsini kwa arobaini. Elfu mbili.

Akaangalia namba ya kwanza, akaangalia ya pili. Hakujua trapezi ni nini, lakini shamba analijua. Akasema polepole, "Mwalimu, hesabu yako imemeza na shamba ya kaka yako."

Wewe ni mtoto wa Masisi, unajua neno hilo lina uzito gani. Hapa watu wamekufa kwa sababu ya mpaka wa hatua tatu. Na mimi, mwalimu, nilikuwa nimewafundisha watoto wa milima hii, miaka kumi na moja, hesabu inayompa mtu shamba lake na la ndugu yake. Nikakaa chini kwenye maharagwe. Mama yako akanihurumia kwa njia yake. Akasema, "Simama, unavunja maharagwe."

Kesho yake unakumbuka mwenyewe. Nilikurudishia telefone mbele ya wanafunzi, nikakupa chaki, nikasema, "Siku ile nilimupiga huyu dada yenu juu ya kusema ukweli. Ule ukweli hamukuumaliziya. Sasa atawafundisha." Ulisimama umeshika chaki na machozi yakikutoka, nikafikiri hutaweza. Halafu ukafuta tabulo yote, hata tarehe, ukaanza. Watoto walikata trapezi za majani ya mgomba, wakazigeuza, wakazipachika. Telefone ilipita kutoka benchi hadi benchi na kila mtoto akasukuma mchoro kwa kidole chake. Mimi nilikaa hapa hapa nilipokaa sasa. Nilinakili kama wengine.

Jambo ambalo hukuliona ni nililofanya baadaye. Wewe ulirudi sekondari, telefone ukaniachia. Mimi nilianza kutembea.

Miaka kumi na moja ya wanafunzi, Faida. Kila mwaka katika mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi palikuwa na swali la eneo, na mara nyingi lilikuwa trapezi. Nikachukua rejista za zamani, nikaanza nyumba kwa nyumba. Wengine walicheka wakanipa viazi. Mmoja, ambaye sasa ni fundi wa mbao, aliniambia alishagundua mwenyewe kitambo alipokuwa akikata paa, lakini aliona aibu kuniambia. Mwingine alinifungia mlango, na nilimpa haki yake.

Mapendo nilimkuta akilima mihogo, mtoto mgongoni. Alikuwa msichana wangu wa hesabu, yule aliyemaliza kabla sijafuta swali. Alianguka mtihani kwa kidogo sana, baba yake akasema inatosha, na mwaka ule ule akaozwa.

"Mwalimu, umekuya kufanya nini huku kwa matope?"

"Nilikufundisha mubaya," nikasema. Nikachora trapezi kwenye udongo kwa mpini wa jembe lake. Nikaandika ile hesabu, na mwisho nikaongeza: gawa kwa mbili.

Aliangalia muda mrefu. Mtoto alilia, akamtikisa bila kumwangalia.

"Mbili," akasema. "Njo ile mbili ilinifungiya mulango?"

"Sijui kama ni yenyewe tu. Lakini ilikuwa yangu."

"Na sasa unataka nikuambiye nini? Kama haina neno?"

"Usiniambiye kitu. Rudi kalasi."

Alicheka, si cheko zuri. Akaendelea kulima. Nikashuka mlima nikijisikia mzee kuliko nilivyopanda. Lakini siku ya soko ya tatu baada ya hapo, alikuja. Alikaa nyuma, mtoto akiwa amelala kwenye kitenge chini ya benchi, katikati ya watoto wa miaka kumi na miwili.

Hapo ndipo vita vyangu na direkteri wa shule vilipoanza. Wewe ulikuwa mbali, ukasikia nusu. Aliita mkutano wa wazazi. Rais wa kamati akasimama kwanza, akasema telefone italeta uharibifu: leo trapezi, kesho picha chafu. Nikamwambia hilo ni kweli, na ndiyo maana mtoto atajifunza kuishika mbele ya mwalimu, asiende kujifunzia kichakani. Mama mmoja akasimama, na yeye sikumjibu haraka, kwa sababu hofu yake ilikuwa ya kweli. Akasema, "Batu ba silaha bakisikia shule iko na telefone, batakuya."

Nikamwambia, "Mama, balikuya tukiwa hatuna hata redio. Balichoma vitabu vya karatasi. Tukikaa bila kitu ili basikuye, tayari bamekuya." Lakini tangu siku ile telefone haikulala shuleni, na haikupita njia moja siku mbili. Ujasiri wangu una macho, na wako uwe nayo.

Mwisho direkteri akasema lililokuwa linamuuma. "Mwalimu akijisahihisha mbele ya batoto, nani atamuheshimu?"

"Baniheshimu juu ya nini, Direkteri? Juu ya kosa?"

Akaniambia nikae nyumbani mpaka mwisho wa muhula, na kaye ya bluu niiache shuleni kwa sababu "njo programu ya masomo tunayoijua". Nilimwachia. Nikaenda nyumbani, nikapaka ubao wa mlango mkaa na maji ya majani, nikautundika chini ya paa la nje. Kesho yake walikuja watoto wanne. Wiki iliyofuata sikuweza kuwahesabu, walikuwa wanahamahama kama kuku. Plake yetu ndogo ya jua ilichaji telefone mama yako akianika mihogo pembeni. Tulisikiliza sauti inayosoma Kifaransa kama kinavyosemwa na wenyewe, nikagundua kwamba maneno mengi nilikuwa nayatamka kama mtu anayetafuna. Nikayatamka upya, mbele yao. Walinicheka, na mimi nilicheka. Walimu wenzangu wawili wakaanza kupita "kusalimia", kaye mkononi.

Hakuna barua iliyonirudisha kazini. Asubuhi moja direkteri alituma ufunguo wa kalasi, bila neno. Niliupokea, nikaenda kufungua.

Mapendo alifanya mtihani mwaka ule. Alipita. Siku matokeo yaliposomwa hakuja kunishukuru, na ninafurahi hakuja. Alipita barabarani mbele ya nyumba ya baba yake, polepole, kwa miguu, akarudi, akapita tena.

Sasa sikiliza, kwa maana nakujua: ukifika kule utaifanya hiyo telefone kuwa kaye yako ya bluu. Utaiamini kwa sababu umeipandia mlima. Unakumbuka mwaka jana, ulipowaonyesha watoto ile mashine ya bure inayojibu maswali? Waliiuliza maharagwe yapandwe lini. Ikajibu vizuri, kwa adabu, miezi ambayo hapa kwetu mbegu ingeoza yote. Bibi aliyekuwa akipita na kuni akasema, "Huyu analima wapi?" Kalasi nzima ikaanguka kwa kicheko. Wewe uliona haya. Mimi niliona somo bora la mwaka. Ulipoiambia imekosea, iliomba msamaha palepale. Mimi ilinichukua siku tisa. Lakini haikusikia aibu hata kidogo, na kesho ingemjibu mtu mwingine vilevile. Aibu ni kazi yetu sisi walimu. Usiiachie mashine.

Na kitu cha bure kina mwenyewe. Kuna watu, siwajui na hawanijui, waliotengeneza ile programu ya maumbo wakaiacha wazi ili mtoto wa Kingi aisukume kwa kidole. Mungu awabariki popote walipo. Wapo pia wanaotoa bure ili wachukue. Wakikuomba majina ya watoto, sura zao, mahali wanapolala, zima. Hata kama umeunga foleni ya rezo tangu asubuhi. Nilikosea hapo pia: niliwahi kumpiga picha Mapendo na mtoto wake kalasini nikaituma kwa majivuno, ikafika kwa mume wake kupitia watu nisiowajua, na siku ile alirudi shuleni na jicho limevimba. Sikumwomba ruhusa hata siku moja. Hilo sikuwa nimekuambia.

Njiani kuna vizuizi. Atakayeishika telefone yako asikute ndani yake ila trapezi na sauti za Kifaransa; safisha mengine leo. Wakiichukua, waachie, usibishane na bunduki kwa ajili ya kioo kilichopasuka. Majani ya mgomba yapo Walikale pia, na mikono yako inajua kuyakata. Lakini kama wanakuambia tu uiache, kwa maneno, kwa kejeli, kwa "nani umejifanya", hapo bishana. Bishana na enspekteri, bishana na padri, bishana na mimi. Mtoto wa msituni ana haki ya kujua kile anachojua mtoto wa mjini, na ana haki ya kukijua kabla hajachelewa.

Mvua imepungua. Namsikia mama yako akiniita kutoka kwa jirani, maana yake sanduku limefungwa.

Nina ombi moja, Faida. Katika rejista zangu amebaki mmoja ambaye sijamfikia. Anaitwa Bauma. Alikaa hapa hapa, benchi hili, mwaka wa pili baada ya kurudi kutoka Kashuga. Alianguka mtihani mara mbili, akasema kichwa chake hakina hesabu, akaenda kuchimba mawe upande wa Walikale. Mama yake hajapata habari yake tangu zamani. Sasa ni mtu mzima, labda ana watoto, na labda mmoja wao ataketi mbele yako. Bauma mwenyewe ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, alilipata kwa kuanguka kwenye mlango wa shule akikimbilia somo langu.

Ukimkuta, usimpe salamu zangu kwanza. Chora trapezi mahali popote, kwenye matope, kwenye ukuta. Mpe chaki. Mwambie mwalimu wake ndiye aliyeacha mstari mmoja, na kwamba kichwa chake hakikuwa na kosa lolote.

Baba yako,
kutoka Kingi